Shorobo wa Ruchugi na wekundu wake wa shaba

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi wilayani Uvinza, mkoa wa Kigoma, ameniandikia hivi:

"Shikamoo mzee. Shule yetu iko karibu na mto Ruchugi. Juzi wakati wa mapumziko wanafunzi wa darasa la tano walinivuta mkono hadi kwenye miti ya mtoni. Juu ya mkuyu palikuwa na ndege wanne, wakubwa kama kuku ila wana mkia mrefu, weusi wa kuelekea bluu, mdomo wa njano mpaka kwenye paji la uso, na kichwani kishungi chekundu. Walipiga kelele kama watu wanaogombana, kisha mmoja akaruka kuvuka mto, mabawa yakawaka nyekundu. Alipotua ile nyekundu ikatoweka. Mzee wa jirani anasema rangi hiyo si ya kweli, ni kama kitenge kibovu, mvua ikimnyeshea inachuja. Mwalimu mwenzangu naye anasema ndege wa namna ile si wa Kigoma, atakuwa ametoroka kwa mtu aliyemleta kutoka Kongo. Naomba kujua: ni ndege gani, rangi ile ni nini hasa, na je, tunaweza kupata kinda mmoja tumfuge shuleni ili watoto wajifunze?"

Marahaba, mwalimu. Nisalimie sana hao wa darasa la tano. Wameinua macho juu ya mkuyu wakatazama mpaka wakaona, jambo ambalo watu wazima wengi wa mkoa wetu hupita chini ya mti huo huo kila siku bila kulifanya. Mimi nimetembea na ndege hawa zaidi ya miaka thelathini, nikiongoza wageni Gombe na Mahale na kukatiza mabonde ya Malagarasi kwa miguu, na bado nikisikia sauti yao nasimama.

Hao ni shorobo. Ukoo wao una aina ishirini na kitu, na zote ni za Afrika, kusini ya Sahara. Hakuna bara jingine lenye shorobo wa asili. Wa kwenu ni shorobo wa Ross, kwa jina la kisayansi Musophaga rossae. Huyo Ross alikuwa mke wa gavana wa Kiingereza wa kisiwa cha Saint Helena, katika bahari ya Atlantiki. Alikuwa na ndege mmoja aliyeletwa kutoka pwani ya magharibi ya Afrika, akamchora, na mchoro pamoja na manyoya yake vikamfikia mtaalamu wa ndege John Gould huko Uingereza, ambaye alimtangaza kwa jina hilo mwaka 1852. Ile Musophaga maana yake ni mla ndizi, na hapo waliotunga jina walikosea kidogo, kwa sababu ndizi si chakula cha kawaida cha ndege hawa porini. Huko pwani wana jamaa yake wa kijani wanayemwita kulukulu, labda umewahi kulisikia jina hilo.

Sasa nianze na mwalimu mwenzako, maana hoja yake ni fupi kuijibu. Ndege huyu hakutoroka kwa mtu. Kwao ni hapa. Anapatikana Kongo, ni kweli, lakini pia Uganda, magharibi mwa Kenya, Rwanda, Burundi, Zambia na Angola, na kwa nchi yetu sehemu yake ni huku huku magharibi. Mtu wa Morogoro au Tanga anaweza kuishi hadi uzeeni bila kumwona, na sisi tunaye nyuma ya shule. Ninachodhani kimempotosha mwenzako ni kwamba ndege mwenye rangi kali namna hiyo tunamtarajia awe wa kwenye kalenda, wa nchi ya mbali, si wa mto ambao watoto wanachota maji.

Lakini kuna sababu nyingine ya watu kutomfahamu, nayo iko kwenye rangi yenyewe. Mwili wake ni zambarau iliyoiva sana, ya kuelekea bluu. Zambarau hiyo haikupakwa ndani ya unyoya kama rangi inavyopakwa ukutani. Inatokana na umbo la unyoya lenyewe linavyouchezea mwanga juu ya weusi ulio chini yake. Umewahi kusimama ufukweni Kibirizi ukaona mafuta ya injini ya boti yaliyotandaa juu ya maji? Yanatoa zambarau na bluu, lakini ukiyachota kiganjani huioni rangi hiyo. Ndivyo ilivyo kwa shorobo. Akiwa kivulini ndani ya majani ni ndege mweusi tu, utamdhani kunguru. Jua likimpiga ubavuni anang'aa kama kitambaa cha hariri. Kwa hiyo wanaomwona mara nyingi huona ndege mweusi mkubwa, wakaenda zao.

Vipimo vyake ni karibu nusu mita kutoka mdomo hadi ncha ya mkia, na uzito wa takriban gramu 400. Nataja uzito kwa sababu watu wote, nikiwemo mimi siku za mwanzo, tunamkadiria mzito kuliko alivyo. Mkia mrefu na manyoya mengi vinamfanya aonekane kama kuku, lakini kuku wa kienyeji aliyekomaa humzidi mara mbili au tatu. Mdomo ni wa njano, mnene, na umepanda juu ukafunika paji kama ngao ndogo. Kuzunguka jicho hakuna manyoya, ni ngozi tupu ya njano. Jicho ni la kahawia nzito. Miguu ni myeusi. Kishungi cha kichwani ni chekundu kama damu mbichi, kifupi na kimesimama, mfano wa brashi. Dume na jike wanafanana. Usijisumbue kuwatenganisha kwa macho.

Tukifika kwenye ile nyekundu ya mabawa, hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mzee wa jirani yako amegusa jambo kubwa kuliko anavyojua.

Manyoya makubwa ya kurukia ya shorobo, yale ya mwisho wa bawa, ni mekundu isipokuwa ncha zake ambazo zina giza. Ndege akikunja bawa, manyoya hayo yanaingia chini ya yale ya zambarau kama vipande vya kipepeo cha karatasi vinavyokunjwa. Ndiyo maana ilitoweka alipotua. Haikwenda popote. Na akifungua bawa tena, nyekundu yote inatoka kwa ghafla. Wenyewe kwa wenyewe wanaitumia kama ishara: wanapofukuzana na majirani au wanapochumbiana utaona mabawa yakifunguliwa na kufungwa hata pasipo haja ya kuruka.

Sasa rangi hiyo imetengenezwa na nini? Ndege wengi wekundu tunaowajua huku, rangi yao inatokana na vyakula, aina ile ile ya rangi iliyo kwenye karoti na mawese. Ya shorobo ni kitu kingine kabisa. Mwaka 1869 mkemia Mwingereza aitwaye Arthur Church alichunguza manyoya mekundu ya shorobo akakuta ndani yake shaba. Ndiyo, mwalimu, shaba hii hii ya nyaya za umeme. Rangi hiyo ikaitwa turasini, kutokana na jina la ndege hawa kwa Kiingereza, na mpaka leo haijulikani kwa ndege wa ukoo mwingine. Kishungi chake nacho ni turasini.

Kwa darasa la tano ungeweza kuwaeleza hivi. Jani la mchikichi ni kijani kwa sababu ya umbijani, na katikati ya kila chembe ya umbijani kuna madini ya magnesi. Damu yetu ni nyekundu kwa sababu ya kitu kinachofanana sana na umbijani kwa umbo, ila katikati yake kuna chuma. Nyekundu ya shorobo ni ya ukoo huo huo tena, ila pale katikati imekaa shaba. Jani, damu na bawa la shorobo ni ndugu watatu, kila mmoja na madini yake. Nimewaeleza hivyo vijana wengi tukiwa tumekaa juu ya mawe ya kijito, na sijaona hata mmoja aliyesahau.

Shaba hiyo ndege anaipata kidogo kidogo katika matunda na majani anayokula. Haiji mara moja. Ndiyo maana makinda hayana uzuri huo: yana weusi uliofifia, kishungi kifupi chenye wekundu kidogo tu katikati, na mdomo wao ni mweusi mweusi badala ya njano. Inawachukua miezi mingi kufanana na wazazi.

Na mvua je? Hapa namwomba mzee wako anisikilize vizuri, maana hakusema uongo. Turasini ina tabia ya ajabu: katika maji safi haitoki, lakini katika maji yenye magadi au sabuni kali inayeyuka. Nililiona hili kwa macho yangu nikiwa mwanafunzi. Mwalimu wetu wa kemia alikuwa na unyoya mmoja wa zamani, umehifadhiwa kwenye bahasha. Akaudumbukiza kwanza katika glasi ya maji matupu, akakoroga, maji yakabaki meupe. Kisha akaudumbukiza katika glasi ya pili aliyotia magadi kidogo, yale ya kupikia maharage. Haikupita muda, uzi mwembamba mwekundu ukaanza kushuka kutoka kwenye unyoya kama moshi unaokwenda chini, na maji yakageuka rangi ya juisi ya rozela iliyozimuliwa. Darasa zima tulinyamaza. Siku ile nadhani ndiyo iliyoniamulia kazi.

Kwa hiyo mvua ya Uvinza haimchujishi shorobo. Maji ya mvua hayana magadi. Ndege hao wananyeshewa kuanzia Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei, msimu wetu wote wa mvua, na wekundu wao hauondoki. Wanaoga pia, mara kwa mara. Ila ni rahisi kuona habari ya mzee ilikotoka: mtu aliyewahi kuosha unyoya wake kwa sabuni angeona rangi ikitoka mikononi, naye angesimulia, na simulizi ikasafiri ikafika kwenye mvua. Mwambie rangi ni ya kweli, ya kweli kuliko zote, na kwamba lile alilosikia lilianzia kwenye jambo la kweli.

Kuhusu kelele. Mlisikia kama watu wanaogombana, na sina namna bora ya kuieleza. Mmoja huanza kwa mlio mzito wa kooni, wa kukwaruza, wa pili anaingia kabla wa kwanza hajamaliza, kisha wote wanapokezana kwa kasi mpaka huwezi kujua nani ni nani, halafu kimya. Wageni wengi niliowapeleka Mahale walidhani ni sokwe au nyani. Ukishaijua huipotezi tena, na nakuambia kwa uzoefu kwamba shorobo hutafutwa kwa sikio kwanza, jicho linafuata. Sauti hiyo ni ya kutangaza eneo. Wanaishi wawili wawili au familia ndogo, watu wanne, watano, na wana wivu mkubwa wa bonde lao. Shorobo wa familia nyingine akitua kwenye mkuyu wenye matunda anafukuzwa, na hata ndege wa aina nyingine huondolewa kwa nguvu.

Watazame wanavyotembea, mwalimu, usitazame rangi peke yake. Shorobo ni mrukaji dhaifu. Mabawa yake ni mafupi na ya mviringo, hivyo hupiga mara chache, anateleza, anapiga tena, na safari yake hewani haizidi mti mmoja hadi mwingine. Anapotaka kwenda mbali hufanya hivi: anapanda mti kwa kurukaruka kutoka tawi hadi tawi mpaka kileleni, kisha anajiachia kuteleza hadi katikati ya mti unaofuata, anapanda tena. Familia haivuki mto kwa pamoja. Anakwenda mmoja, wengine wanamtazama, kisha wa pili, wa tatu, kila mmoja kwa njia ile ile aliyopita wa mbele. Wanafunzi wako walimwona wa kwanza. Wangesubiri dakika chache wangewaona wote wakifuata mmoja mmoja.

Lakini juu ya tawi hana mpinzani. Anakimbia juu yake kama kindi, mkia umenyooka nyuma, kichwa mbele, na anapinda kona bila kupunguza mwendo. Siri iko kwenye kidole. Ndege wa kawaida wana vidole vitatu mbele na kimoja nyuma. Kasuku wana viwili mbele, viwili nyuma. Shorobo ana kidole cha nje ambacho anakizungusha apendavyo, mbele au nyuma, kufuatana na tawi lilivyo. Nilimwona mmoja kwa darubini katika bonde la Masito, hatua chache tu kutoka nilipoketi, akinyoosha shingo kulifikia kuyu lililoning'inia. Kile kidole kilikuwa mbele. Tawi likaanza kuinama kwa uzito wake, kidole kikageuka nyuma, kikashika. Alilichuma kuyu akalimeza zima, akatikisa kichwa mara moja, kidole kikarudi mbele. Nilitazama hadi mkono ulioshika darubini ukafa ganzi.

Chakula chake kikubwa ni matunda, na juu ya matunda yote ni makuyu na tini za porini za kila aina. Anakula pia mzambarau mwitu, machipukizi, maua na majani machanga, na mara chache wadudu. Anameza tunda likiwa zima kama linapita kooni, na mbegu hazikai sana tumboni. Zinatoka zikiwa hai, mbali kidogo na mti mama. Watu waliofuatilia jamaa zake wengine katika msitu wa Nyungwe, Rwanda, waliwakuta ni wasambazaji wakubwa wa mbegu za miti ya msitu ule. Kwa hiyo miti mnayoiona kando ya Ruchugi, baadhi yake imepandwa na ndege hao hao mnaowauliza.

Sasa uhusiano wake na mto. Nchi yetu ya Kigoma, ukiacha milima na mabonde yake, ni nchi ya miombo, na miombo ikifika Agosti na Septemba imepukutisha majani, ardhi imekauka, moto unapita. Shorobo hawezi kuishi msimu mzima katika miti iliyo uchi. Anachohitaji ni ule mshipi wa msitu mzito unaofuata maji, unaobaki kijani hata kiangazi kikiwa kikali. Na katika mshipi huo nguzo ni mkuyu, kwa sababu mikuyu haizai yote kwa pamoja. Huu unaiva mwezi huu, ule wa chini ya mto unaiva mwezi ujao, kwa hiyo katika bonde lenye mikuyu ya kutosha hakukosekani tunda. Familia ya shorobo inajua ratiba hiyo. Inatoka kidogo kwenda vichaka vya kwenye vichuguu au pembezoni mwa miombo ikikuta kitu kimeiva, kisha inarudi mtoni. Ndivyo ilivyo Gombe katika vibonde vinavyoshuka kwenda ziwani, ndivyo ilivyo chini ya milima ya Mahale, na ndivyo ilivyo kwenu Uvinza. Hauhitaji hifadhi ya taifa kumpata. Unahitaji bonde lenye miti mikubwa iliyogusana matawi.

Hilo la kugusana matawi lina uzito. Kumbuka nilivyosema anavyoruka. Uwazi wa mita mia mbili tatu wa shamba kwake ni kama ziwa. Kuna kijito kimoja, sitakitaja, ambako kwa miaka nilikuwa na uhakika wa kuwakuta familia mbili, moja juu na moja chini. Watu wakafyeka katikati kulima mboga za kiangazi, wakachoma mkaa kwa mikuyu minne mikubwa. Familia ya chini niliisikia msimu mmoja tena. Baada ya hapo kimya, ingawa miti ya chini haikuguswa. Matunda hayakuwatosha, na njia ya kwenda juu haikuwepo tena. Bado napita pale, na bado nasikiliza.

Kwa dunia nzima shorobo wa Ross hayumo kwenye orodha ya walio hatarini, na nashukuru kwa hilo. Lakini kwa kijiji kimoja na kijito kimoja anaweza kuisha katika miaka miwili. Ndiyo maana ningependa uongozi wa kijiji chenu ukumbushwe kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Watu huichukulia kama sheria ya maji, na ni ya maji kweli, ila ukizipima hizo mita 60 kwa hatua kutoka Ruchugi utakuta umepima karibu nyumba yote ya shorobo.

Nije kwenye kufuga. Najua umeuliza kwa nia njema, kwa ajili ya watoto, na ndiyo maana nitakujibu wazi: hapana. Kwanza, ndege wa porini na sehemu zake, hata manyoya, ni mali ya umma chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009; kumkamata au kumiliki bila kibali ni kosa, na sitaki mwalimu mzuri ahojiwe kwa ajili ya kinda. Hata manyoya watakayookota watoto wayatazame na kuyaacha pale pale. Pili, na hili kwangu ni kubwa zaidi, kinda la shorobo ni kiumbe anayelelewa na mti.

Nikueleze nilichokiona. Kiota chao ni duni, jukwaa la vijiti vilivyopangwa ovyo kama cha njiwa, ukiwa chini unaweza kuona mwanga ukipenya. Jike hutaga kwa kawaida mayai mawili, na wazazi wote wawili wanapokezana kuatamia kwa wiki tatu na nusu hivi. Makinda hutoka na manyoya mororo meusi, macho yakifunguka mapema. Na kabla hawajajua kuruka kabisa, wakiwa na umri wa karibu wiki nne, wanatoka kiotani kwa miguu. Kwenye kona ya bawa la kinda kuna kijikucha. Nilimtazama mmoja asubuhi nzima: anasukuma kwa miguu, anainua bawa lisilo na manyoya ya kurukia, ananasa gome kwa kijikucha, anajivuta, anapumzika. Mama yake alikuwa tawi la juu, mdomo umejaa tunda lililosagika alilokuwa amelitapika kumlisha, anangoja. Kinda lilichukua muda mrefu kupanda urefu wa mkono wangu mmoja. Lilipofika lilifungua kinywa na likalishwa, kisha mama akahamia tawi jingine, juu zaidi. Siku hiyo nilielewa kwamba hata kulishwa ni somo la kupanda. Sasa hilo kwenye kizimba cha mbao na wavu utalipatia wapi? Litakula, pengine litaishi, lakini halitakuwa shorobo.

Badala yake nakupa mambo mawili ambayo yapo ndani ya uwezo wa shule. La kwanza ni mkuyu. Hauhitaji kitalu wala fedha. Mkuyu huota kwa kipandikizi, tawi nene kama kifundo cha mkono wa mtoto, likakatwa mwanzoni mwa mvua na kuchomekwa kwenye udongo wa ukingoni penye unyevu. Pandeni penye pengo, pale miti miwili mikubwa ilipoachana. Si lazima uwe mkubwa ndipo ufae: ukifika tu mahali ambapo shorobo anaweza kutua katikati ya safari yake, tayari umekuwa daraja.

La pili ni daftari. Wapeleke watoto mtoni asubuhi mapema, jua likiwa bado chini, maana wakati huo ndipo wanapopiga kelele sana na mwanga unawapiga ubavuni. Muwe kumi tu, si darasa zima. Simameni mbali kidogo na mkuyu, si chini yake, mkae kimya kama robo saa. Andikeni walikuwa wangapi, walikuwa mti gani, walikula nini, nani alivuka kwanza na alikwenda upande gani. Rudieni kila wiki siku ile ile. Baada ya miezi michache mtajua mipaka ya familia yenu ya ndege kuliko mtaalamu yeyote, nami nikiwemo, na mtajua ni mti gani mkikatiwa itakuwa hasara.

Na waambie watazame midomo. Mlihesabu wanne, wote mdomo wa njano, kwa hiyo wote ni wakubwa. Siku watakapomkuta wa tano, mweusi mweusi, mwenye mdomo mweusi, anayebaki nyuma wenzake wakishavuka mto, niandikie siku hiyo hiyo. Nitapanda gari la asubuhi nije.